Taa ya Wamalwa

Kila sehemu mpya ya Panga inapotoka, vijana wa mitandao huja mtaani kwetu Baba Dogo na simu zao kuniuliza swali lile lile: Kui, kwa nini huu mchezo haufi? Michezo mingine huja na kelele nyingi, ikachezwa msimu mmoja, ikasahaulika. Panga ilianza tukiwa bado tunavaa sare za shule ya msingi, na hadi leo ukiingia kwangu kwenye chumba cha michezo Jumapili baada ya kanisa hupati pa kuweka mguu. Mimi huwajibu haraka haraka waondoke. Nawaambia ni muziki wake, ni mazimwi, ni zile mbuga zisizoisha. Wanarekodi, wanashukuru, wanaenda zao. Ni uongo mtupu. Muziki wenyewe unaniumiza kichwa, na zimwi ukishaliua mara mbili huna jipya la kuliona.

Jina lake halisi ni la kigeni, refu, na mtaani hakuna anayejisumbua kulitamka. Sisi tuliuita Panga kwa sababu ya silaha anayobeba mtembezi, na mtembezi ndiye wewe. Unampa jina, unamchagulia sura, unamtembeza nchi baada ya nchi, na kila akipita kisimani unamnywesha maji. Akiuawa, anaamka kwenye kisima cha mwisho alichonywea maji, na safari inaendelea kutoka hapo. Jambo ambalo wageni hawalitambui ni kwamba sehemu mpya ikitoka, mtembezi wako anahamia humo pamoja nawe. Kovu alilopata katika Panga ya kwanza bado liko shavuni mwake katika Panga ya sita. Huku kwetu mtu huamka akakuta nyumba imebomolewa, kiwanda kimefunga lango, jirani amehama bila kuaga. Kuwa na mtu uliyemlea tangu darasa la nne, ambaye hakuna awezaye kukunyang'anya, si jambo la kuchekwa.

Lakini nataka kusimulia habari za Mama Wamalwa. Mkinisikia nikipandisha sauti mnivumilie, maana hasira yangu haijaisha na sina haraka ya kuimaliza.

Mama Wamalwa, jina lake la ubatizo Phelister, huuza chapati na maharagwe karibu na lango la kiwanda cha plastiki, ng'ambo ya barabara kutoka mlangoni kwangu. Mumewe alikufa zamani, akamwachia wana wawili. Job, yule mdogo, ni kibarua katika kiwanda cha mabati upande wa Mukuru kwa Reuben. Wamalwa, kifungua mimba wake, alikuwa mtu wa kompyuta. Chumba hiki cha michezo kilikuwa cha marehemu baba yangu, Njogu, na Wamalwa alikulia kwenye benchi lake. Mtembezi wake, mwenye kovu shavuni, alimwita Wamalwa vilevile, hana makeke, wakati wavulana wengine walikuwa wakijiita simba na majemadari. Akimtembeza hakuwa na haraka. Alikuwa akisimama juu ya kilima katikati ya vita kuangalia jua la uongo likizama, na sisi nyuma yake tukimzomea.

Mwaka jana wakala mmoja alimwahidi kazi ya kompyuta huko Asia, nchi ambayo jina lake sitaki kulitia kinywani. Akaenda. Huko akajikuta ndani ya ukuta mrefu wenye seng'enge, pamoja na vijana wengine wa nchi nyingi, wakilazimishwa kutapeli watu kwa mtandao kutwa kucha. Aliyeshindwa kuleta kiasi walichotaka alipigwa. Simu zao walinyang'anywa. Aliwahi kumpigia mama yake kwa simu ya kuiba, akinong'ona, akamwambia asimlilie bado. Baada ya hapo kimya. Ofisi alizokwenda mama yake zilimwambia asubiri, naye akasubiri, maana maskini ndiye pekee anayeambiwa asubiri akatii.

Kisha akaja Muthama, kijana wa Kariobangi aliyekuwa huko huko na akafaulu kutoroka. Alifika kibandani kwa Mama Wamalwa akichechemea. Alisema Wamalwa alitolewa chumbani akiwa hawezi kusimama, na asubuhi kitanda chake kikapewa mtu mwingine.

"Maiti uliiona?" Mama Wamalwa alimuuliza.

"Sikuiona, mama. Huko huonyeshwi. Mtu anaenda tu."

Kwao Lugari, mtu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa kama anavyozikwa mtu. Asipozikwa hivyo, wanasema, atazunguka nje akibisha milango ya walio hai, na hakuna litakalonyooka katika boma. Mdogo hawezi kumtangulia kuoa. Job alikuwa na mchumba, Ayuma, na tayari Ayuma alikuwa mjamzito. Wazee hawakutaka hata kusikia habari za kwenda kwa kina Ayuma kujitambulisha kabla jambo la Wamalwa halijamalizwa. Kwa hiyo ukoo ukaamua: mgomba ukatwe.

Mama Wamalwa hakukataa wala hakukubali. Aliacha kula. Kibanda kikafungwa, vibarua wakawa wanapita langoni wakiulizana Mama Chapati amekwenda wapi. Mimi nilimpelekea uji, ukaganda kikombeni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sijazaa, kwa hiyo sikujua niseme nini. Nilikuwa nakaa tu naye, nikimlaani yule wakala kwa Kikuyu, lugha asiyoielewa.

Sasa nieleze habari za taa. Katika Panga kila mtembezi hubeba taa. Mwenyewe akiingia mchezoni, taa inawaka kando ya jina lake kwenye skrini za marafiki zake wote, popote walipo duniani. Akitoka, inazimika. Asipoingia kwa muda mrefu, mafuta yanakauka, na mtembezi wake anageuka mifupa kando ya kisima. Jina la Wamalwa lilikuwa bado kwenye skrini zangu, na taa yake ilikuwa imebaki kidogo ikauke.

Jumapili moja mchana nikasikia wavulana wakipiga kelele.

"Kui! Kui, cheki! Wama ako online!"

"Wachana na mimi."

"Haki ya nani, cheki taa!"

Ilikuwa inawaka. Kabla sijafungua kinywa walikuwa wameshavuka barabara. Mama Wamalwa aliletwa akiwa amejifunga leso moja, kichwa wazi, akaweka kidole kwenye kioo pale penye ile nukta ya manjano.

"Hii ni nini?"

"Ni taa ya Wama, mathe. Inamaanisha saa hii ako ndani."

Aliiangalia mpaka ilipozimika. Kisha akaniomba chakula. Nilimpa nilichokuwa nacho, githeri baridi ya mahindi na maharagwe, akala yote na kulamba kijiko.

Sikutaka ajidanganye, jioni nikamfuata nyumbani kwake. Nilimwambia, "Mama Wamalwa, mtu yeyote mwenye neno la siri anaweza kuiwasha hiyo taa."

"Wewe alikupa neno lake?"

"Hapana."

"Alimpa nani?"

Wamalwa alikuwa akificha vidole kwa koti lake akiandika neno lile, hata marehemu baba yangu alimtania kwamba anafungua benki. Job alikuwapo jioni hiyo, ameketi pembeni akitazama sakafu. Nikadhani furaha imemlemea.

Tangu siku ile taa ikawa inawaka karibu kila jioni. Mama Wamalwa alifungua tena kibanda, na akishauza anakuja kukaa kwenye benchi kuingoja. Alisema kule sasa ni usiku, ndipo wanapowaacha vijana wapumzike. Mfa maji haachi kutapatapa, nilijiambia, lakini na mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Niliamini kwa sababu nilitaka.

Shemeji yake, Luseno, alisafiri kutoka Lugari kuja kumchukua. Ni mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya asiyoivua, na aliingia kwangu kana kwamba ameingia kilabuni kumtoa mlevi.

"Shemeji, unatuaibisha. Mtoto amekufa, wewe unakaa na watoto wa watu kucheza gemu."

"Maiti haiwashi taa," Mama Wamalwa alimjibu bila kugeuka.

"Wewe msichana." Sasa ananigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye hii biashara. Sema ukweli mbele ya Mungu. Hiyo taa ni ya mtu?"

"Ni ya mtu, mzee. Ni mtu gani, siwezi kukuapia."

Luseno si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya ili nimfukuze. Aliketi kwenye benchi, akapangusa uso, akasema kaburi litachimbwa Jumamosi inayofuata, maana ukoo umeshaitwa. "Ukizungumza na Wamalwa kabla ya hapo, shemeji, hilo shimo nitalifukia mwenyewe kwa mikono yangu. Usipozungumza naye, utakuja nyumbani na utamlilia kama watu wanavyolia."

"Nimekubali," alisema Mama Wamalwa.

Kumbe alikuwa amekubali mlima. Katika Panga huwezi kumtumia mtu maneno ukiwa mbali. Lazima watembezi wawili wasimame kwenye kisima kimoja. Mtembezi wa Wamalwa alikuwa kwenye Kisima cha Mawe, mwisho wa nchi ya pili. Wavulana wangu walikuwa wameshamfuata huko, na kila walipomkaribia aliondoka au taa ikazimika. Nilimpa mama mtembezi wangu, ambaye angefika mara moja, akamkataa.

"Atajuaje ni mimi? Atanikimbia kama alivyowakimbia hawa. Nipe wa kwangu, mwandike Mama Wamalwa."

Nikampa pad, kile kidude cha kushika mikononi, na vidole vyake vilivyozoea kusukuma chapati vikakishika kana kwamba ni kifaranga. Tulicheka, na Mungu anisamehe, tulicheka sana wiki ile. Alisalimia kila muuzaji sokoni. Akimuua nyoka alimwambia pole. Wavulana walikuwa wakishika vichwa.

"Mathe, ingia hiyo nyumba, chukua ile ngao. Ni ya bure!"

"Bure ya nani? Nyumba ina wenyewe."

"Hakuna mwenyewe, mathe! Ni gemu!"

"Basi nitaingoja njiani itakapouzwa."

Alikufa mara nyingi. Alianguka darajani, akaliwa na mbwa mwitu, akachomwa na zimwi dogo ambalo mtoto wa chekechea angelipiga teke. Kila mara alifumba macho, na alipoyafumbua mtembezi wake alikuwa ameketi kando ya kisima, akipumua, nguo zikiwa na maji. Siku moja aliweka pad mapajani.

"Kui. Kila mtu akifa anaamka hapa?"

"Kila mtu, mama."

"Hata aliyeuawa vibaya?"

"Hata huyo."

Alimtazama yule mtembezi akipumua. Nami nilikuwa nimeketi kando yake, nikaelewa kitu ambacho sijawahi kuwaambia wale wenye simu. Watu hawarudi kwenye Panga kwa sababu ya vita. Wanarudi kwa sababu ni mahali pamoja wanapopajua ambapo aliyeanguka anaamka, na hakuna anayekwambia usubiri. Nusu ya walio kwenye benchi langu wana mtu waliyempoteza. Huyu ana ndugu aliyeokotwa mtaroni, yule ana baba aliyeingia kazini akatolewa amefunikwa. Sisi hatuzungumzi hayo. Tunasema tu, hebu cheza tena.

Alhamisi nilikwenda Majengo kutengenezesha pad zilizoharibika. Fundi wangu huko ni Ayanle, na mbele ya karakana yake ana chumba cha michezo chenye pazia la gunia. Nilisukuma pazia nikaona Panga kwenye skrini ya mwisho. Nikaona kovu shavuni. Mtembezi alikuwa amesimama juu ya kilima, hapigani na mtu, anatazama jua likizama.

Aliyeshika pad alikuwa Job.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka kola ya shati lake mkononi mwangu na Ayanle akiniuliza kuna nini.

"Ni wewe! Ni wewe hiyo taa!"

"Kui, tulia. Tafadhali, tulia."

"Situlii! Mama yako analala akijua ana watoto wawili! Huku kazi umeacha ukuje kucheza na roho yake?"

"Kazi leo haikuwa, walituregesha gate. Kui, niachilie kwanza, nitakuambia."

Nilimwachilia, lakini si kwa hiari. Alikuwa analia kabla hajaanza kusema.

"Usiku kabla ya kuenda, Wama alinipea password. Akaniambia, bro, usiwache huyu jamaa akauke. Mtilie mafuta, nikirudi nimpate. Hiyo Sunday niliona mafuta imebaki kidogo, nikaingia tu kumtilia. Haki sikukumbuka mtamwona kwa screen yenu. Kufika home, napata mathe amekula. Amekula, Kui! Ameoga. Ananiambia Wama ako hai. Ningemwambia nini?"

"Ukweli!"

"Wewe ungemwambia?"

Nilivuta kiti, nikaketi kando yake.

"Na Ayuma je?" nilimuuliza baadaye, sauti ikiwa imeshuka.

"Ayuma amesema akizaa kabla sijaenda kwao, atarudi kwa mamake na asisikie jina langu tena." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Unadhani mimi sitaki tumzike? Mimi ndio ninaumia zaidi. Lakini nikiwa hapa ndani natembea na yeye. Natembea vile alikuwa anatembea, hata hiyo maneno ya kuangalia jua. Nikizima, anakuwa amekufa. Kila jioni nasema leo ndio ya mwisho. Alafu nazima, naona amekufa, nashindwa."

Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nikamwambia kwamba mama yake amebakisha daraja moja, kesho asubuhi atafika kisimani, na mchana wanaondoka kwenda Lugari. Asipomwambia yeye, nitamwambia mimi.

"Nitamwambia," Job alisema. "Huko huko kisimani. Macho kwa macho siwezi."

"Umeapa?"

"Nimeapa kwa kaburi ya baba."

Ijumaa asubuhi nilifunga mlango nusu, nikawafukuza wavulana. Luseno alikuwa nje na mifuko yao, hakutaka kuingia. Mama Wamalwa alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alishika pad, akavuka daraja bila kuanguka, akapanda ule mwinuko wa mawe, na pale juu, kando ya kisima, mtembezi wa Wamalwa alikuwa amesimama na taa yake inawaka. Safari hii hakukimbia.

Mama alimzunguka polepole. Alimtazama kutoka mbele, kutoka nyuma, akasimama karibu na lile kovu.

"Andika, Kui. Andika: Wamalwa, ni mama."

Nikaandika. Jibu lilichukua muda, kisha likaja neno moja tu: mama.

Alitoa sauti ndogo. Mimi niliuma ulimi nikingoja. Sasa, Job, nilisema moyoni. Sema sasa. Alama ya kwamba anaandika ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena.

"Andika hivi," Mama Wamalwa alisema kabla jibu halijaja. "Siku ulipoondoka ulifika mlangoni, ukarudi ndani. Ulirudi kufanya nini?"

"Mama, si umuulize kwanza kama yuko mzima? Yuko wapi?"

"Andika nilivyosema."

Nikaandika. Asubuhi ile Wamalwa alipoondoka, Job alikuwa kiwandani. Waliaga usiku wa kuamkia siku hiyo. Nyumbani alikuwapo mama peke yake.

Tulingoja. Nje lori lilikuwa likipiga honi langoni lifunguliwe. Alama ya kuandika ilionekana, ikakaa, ikapotea. Ilirudi. Ikapotea. Wale wawili walisimama kando ya maji wakitazamana, mmoja ana kovu, mwingine hana hata ngao. Halafu taa ikazimika, na mtembezi wa Wamalwa akaketi chini, kichwa kimeinama, kama watembezi wote wanavyoketi wachezaji wao wakiondoka.

Nilimlaani Job kimoyomoyo kwa laana zote ninazozijua. Nikageuka kwa mama.

"Mama Wamalwa, kuna jambo lazima nikwambie."

Aliinua mkono. "Usiniambie. Ukiniambia wewe, nitamkasirikia."

Aliweka pad juu ya benchi. Hakulia. "Alirudi kumaliza chai yake," alisema. "Ilikuwa imebaki kikombeni. Gari linamngoja, mimi namsukuma atoke, akasema mama, ni vibaya kuimwaga, umeitia maziwa. Akainywa amesimama." Alitazama mikono yake. "Mtu wa mbali angeniuliza mimi ni nani. Mwizi angebuni jibu lolote. Wamalwa mwenyewe angeitaja chai. Aliyeshindwa kunidanganya ni yule aliyelala tumboni mwangu, na hao walikuwa wawili tu."

Nikaanza kulia mimi. Yeye akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako."

Alijua nambari kwa kichwa. Nilidhani atamfokea, na kusema kweli nilitaka amfokee, mtu mmoja katika haya yote afokewe mbele yangu maana yule wakala hatutamwona kamwe. Simu ililia kwa muda mrefu kabla haijapokewa.

"Job," alisema, kwa ile sauti ambayo wazazi huitumia wakibeba habari na hawajui pa kuiweka. "Uko wapi, baba? Uko na mtu hapo karibu?" Alingoja. "Basi keti chini kwanza. Umeketi? Nina habari mbaya, mwanangu. Ndugu yako amekufa. Wamalwa amekufa, Job. Njoo nyumbani tukamzike."

Kilio kilichotoka kwenye ile simu kilisikika hadi nje penye ile mifuko, na Luseno, ambaye sijawahi kumwona kichwa wazi, akavua kofia yake.